The Shaggs wa Fremont: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

The Shaggs ni akina nani?

Ni bendi ya roki ya akina dada wa familia ya Wiggin, kutoka Fremont, mji mdogo wa jimbo la New Hampshire nchini Marekani. Sensa ya mwaka 1970 ilikuta hapo watu wasiofika 1,000. Dorothy, ambaye wote humwita Dot, alipiga gitaa la solo, akaimba, na ndiye aliyetunga nyimbo. Betty alishika gitaa la ridhimu na kuimba naye. Helen, mkubwa wao katika bendi, alikaa kwenye drams. Rachel aliingia baadaye na gitaa la besi. Katika santuri ya kwanza anasikika kwenye wimbo mmoja tu, "That Little Sports Car".

Santuri ndefu iliyotoka bendi ikiwa hai ni moja, Philosophy of the World, iliyorekodiwa mwaka 1969. Ya pili, Shaggs' Own Thing, ilitoka mwaka 1982, bendi ikiwa imeshavunjika miaka saba nyuma.

Ni kweli bendi ilianzishwa kwa sababu ya utabiri?

Ndivyo familia yenyewe ilivyosimulia. Baba yao, Austin Wiggin, alikuwa na mama aliyesoma viganja. Mama huyo alimtabiria mwanawe mambo matatu: ataoa mwanamke mwenye nywele za dhahabu iliyoingia wekundu, atapata watoto wawili wa kiume baada ya yeye mama kufa, na binti zake wataunda bendi itakayopendwa na watu. Mawili ya kwanza yalitimia. Austin akaona la tatu nalo halina budi kutimia, na hakukaa kulingoja.

Katikati ya miaka ya 1960 aliwatoa mabinti shuleni, akawaandikisha kwenye masomo ya posta, akawanunulia magitaa na drams, akawalipia mafunzo ya muziki na ya sauti. Yeye mwenyewe alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo katika mji jirani wa Exeter, kwa hiyo fedha hizo zilitoka kwenye mshahara wa kawaida kabisa.

Anayezijua bendi zetu za dansi hatapata shida kuelewa mpangilio huu: mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Anaamua lini mtapiga, wapi, na wimbo gani. Tofauti ni kwamba mpiga solo akikosana na mwenye vyombo Dar es Salaam au Nairobi, kesho yuko bendi nyingine. Akina Wiggin hawakuwa na pa kuhamia, maana mwenye vyombo alikuwa baba na walilala kwake. Karibu kila kinachowashangaza watu katika historia hii (kwa nini walirekodi kabla hawajaiva, kwa nini hawakuacha walipozomewa, kwa nini bendi ilikufa siku moja) kinaelezeka kwa jambo hilo.

Walifanya mazoezi kiasi gani?

Mengi kuliko bendi nyingi za rika lao. Asubuhi baba akiwa kazini walipiga peke yao, mchana masomo ya posta na kupiga tena, jioni akirudi wakampigia yeye, akisimamisha wimbo na kuurudisha mpaka aridhike. Kulikuwa na mazoezi ya viungo pia.

Kwa hiyo dhana kwamba hawa ni wasichana waliookota magitaa na kurekodi wiki ileile ifutwe. Tatizo lilikuwa jingine: walifanya mazoezi chumbani bila kusikilizana na wanamuziki wengine. Bendi ya kawaida hujifunza kwa kuiba. Unaenda kutazama wenzako, unaona mpiga drams anavyomsubiri mwimbaji, unarudi nyumbani na kitu. Dot na dada zake walikuwa na redio na santuri chache. Herman's Hermits ni kati ya waliowapenda. Walisikia matokeo tu, hawakuona mikono ikifanya kazi.

Walipiga wapi?

Onyesho la kwanza mbele ya watu lilikuwa shindano la vipaji huko Exeter mwaka 1968. Vijana walizomea na kuwarushia makopo ya soda. Baba yao aliamua kwamba dawa ni kuzidisha mazoezi.

Baada ya hapo makao yao yakawa ukumbi wa halmashauri ya mji wa Fremont, kila Jumamosi usiku. Ilikuwa dansi ya vijana: kiingilio mlangoni, soda na vitafunwa vinauzwa, ndugu wa familia wakishika kazi za mlangoni na mezani. Walipiga pia kwenye nyumba ya kutunzia wazee ya wilaya. Mcheza kwao hutunzwa, wahenga walisema. Fremont iliwatunza kwa kiasi, maana wapo waliokuja kucheza na wapo waliokuja kucheka, na mara nyingi ni walewale. Lakini walirudi kila wiki, kwa sababu Jumamosi usiku katika mji wa watu wachache hivyo hakukuwa na kwingine.

Mwaka 1973 wakuu wa mji walisimamisha dansi hizo, na bendi ikabaki bila jukwaa la kudumu.

Philosophy of the World ilirekodiwa vipi?

Tarehe 9 Machi 1969, katika Fleetwood Studios, mji wa Revere, Massachusetts, kandokando ya Boston. Kutoka Fremont ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Fleetwood haikuwa studio ya roki kwa asili yake. Sifa yake ilitokana na kurekodi bendi za matarumbeta na ngoma za gwaride, kazi ambayo kundi linaingia, linapiga, linalipa, linaondoka na santuri zake za kuuzia wazazi na wanachama. Austin aliingia kwa mlango huohuo: mteja aliyelipia huduma.

Ndiyo maana hakukuwa na mtu wa kusema "rudini baada ya miezi sita." Kampuni ya muziki ikigharamia rekodi, ina sababu ya kukataa kazi mbovu, maana hasara ni yake. Studio ya kukodi haina sababu hiyo. Inasimuliwa kwamba fundi mitambo alimshauri Austin kuwa mabinti hawako tayari, naye akajibu anataka kuwanasa wangali moto. Nyimbo 12 zilikamilika, zote za Dot. Jumla yake ni kama dakika 31.

Helen, Dot na Betty wakati huo walikuwa wasichana wakubwa, kati ya miaka 18 na 22. Wanaowaita "watoto" wanaikuza hadithi.

Nakala 900 zilipotelea wapi?

Hakuna aliyeziona. Simulizi iliyokubalika ni kwamba zilifyatuliwa nakala 1,000 chini ya jina la Third World Recordings. Mtu aliyeshika kazi ya kutoa santuri hizo akatoweka na 900. Familia ikabaki na kama 100. Baadhi ya hizo 100 zilifika kwenye vituo vya redio vya New England, yaani majimbo ya kaskazini-mashariki mwa Marekani, na hizo ndizo zilizoiokoa bendi isisahaulike.

Jambo ambalo watu hulipita haraka: hata kama 1,000 zote zingefika Fremont, hakukuwa na msambazaji. Mji mzima, vichanga kwa vizee, haukufikia hesabu hiyo. Wizi, kama ulikuwepo, uliiondolea familia mali. Soko halikuwepo tangu mwanzo.

Kwa nini 1,000? Kwa nini wasitengeneze 100 tu?

Kwa sababu ya jinsi santuri inavyotengenezwa, na hesabu hii haijabadilika sana hadi leo. Kanda ya studio hupelekwa kwa mkataji, ambaye huchora mfereji wa sauti kwenye sahani laini ya lakari, upande mmoja mmoja. Sahani hiyo hunyunyiziwa fedha na kuzamishwa kwenye maji ya kemikali yanayopitishwa umeme ili lijengeke tabaka la nikeli. Nikeli ikibanduliwa unapata sura ya kinyume, na kutoka hiyo hutolewa mihuri ya chuma. Mihuri miwili, wa upande A na wa upande B, hufungwa kwenye mashine; donge la plastiki ya moto huwekwa katikati pamoja na lebo za karatasi, mashine inabana, maji ya baridi yanapita, na santuri inatoka.

Gharama ya kukata lakari na kutengeneza mihuri ni ileile, ufyatue 100 au 1,000. Jozi moja ya mihuri hustahimili takribani nakala 1,000 kabla sauti haijaanza kuchakaa. Chini ya hapo unalipia chuma ambacho hukitumii. Juu ya hapo unaingia gharama ya jozi mpya. Mteja wa studio ya kukodi mwaka 1969 karibu kila mara angeshauriwa idadi hiyo.

Mambo gani yaliharibika ambayo bendi ndogo ya leo inaweza kuyaepuka?

Swali hili hutufikia zaidi kutoka kwa wanaotaka kutoa santuri au hata CD kwa fedha zao. Yapo manne, na la kwanza ni zito kuliko mengine yote.

Malipo yote kutolewa mkupuo kabla ya mzigo kuonekana. Gawanya: sehemu kwa ajili ya kukata na mihuri, sehemu baada ya kuidhinisha nakala za majaribio, na salio mzigo ukiwa mikononi. Anayekataa mgawanyo wowote ule, mwache. Mkataba utaje anwani ya kupelekea mzigo, idadi, na asilimia inayoruhusiwa kuzidi au kupungua. Viwanda vingi hujipa asilimia 10 kila upande, na ni halali ikiwa imeandikwa.

Pili, umiliki wa kanda na mihuri. Andika kwamba ni mali ya bendi. Mwenye mihuri anaweza kufyatua nakala nyingine bila wewe kujua.

Tatu, nakala za majaribio. Kiwanda hutoa chache, tano au zaidi kidogo, kabla ya kufyatua mzigo. Zisikilize zote, pande zote, kwenye mashine mbili tofauti. Sindano ikiruka mahali palepale katika nakala zote, kosa liko kwenye lakari au muhuri. Ikiruka katika moja tu, ni uchafu. Sauti ikiyumba juu-chini polepole kila mzunguko, tundu haliko katikati. Herufi "s" zikichachatika kwenye wimbo wa mwisho wa kila upande, hiyo ni hali ya mfereji wa ndani: kadiri sindano inavyokaribia katikati, mzunguko mmoja unakuwa mfupi na sauti inabanwa. Weka wimbo mpole mwishoni. The Shaggs hawakupata shida ya kubanana, maana dakika 15 na ushei kwa upande ni kidogo. Ukipita dakika 22 sauti huanza kufifia.

Nne, mpango wa nakala baada ya kufika. Zile 100 zilifanya kazi kwa sababu baadhi zilikwenda redioni. Nakala 900 zikikaa chini ya kitanda hazina tofauti kubwa na 900 zilizopotea.

Hivi walijua kupiga au hawakujua?

Kwa kipimo cha kawaida, mwaka 1969 hawakuwa wameiva. Magitaa mawili hayajatyuniwa pamoja, na drams zinakwenda njia yao. Lakini "hawakujua" si jibu kamili, na ukitega sikio utaona kwa nini.

Sikiliza "My Pal Foot Foot", wimbo kuhusu paka wa Dot aliyepotea. Sauti mbili zinaimba sentensi isiyo na idadi sawa ya mapigo; mstari huu mrefu, unaofuata mfupi. Hata hivyo sauti hizo mbili zinaanza pamoja, zinapinda pamoja, zinakatika pamoja, na gitaa la Dot linapiga noti ileile kwa kila silabi. Watu wawili hawawezi kukosea kwa namna moja dakika nzima kwa bahati. Hilo limetungwa na limekaririwa. Dot aliandika maneno kwanza, kisha akaupa muziki urefu wa maneno, wala hakuyakata maneno yaenee kwenye boksi la mapigo manne.

Mwaka 1975 waliurekodi wimbo huohuo tena, na upo kwenye Shaggs' Own Thing. Wanapiga kwa utulivu zaidi, lakini melodia ni ileile na mipindo ni ileile. Huo ndio ushahidi ulio wazi kuliko wote.

Msikilizaji aliyelelewa na benga ana faida hapa. Gitaa kumfuata mwimbaji noti kwa noti halimshtui. Amelisikia tangu utotoni. Kinachobaki kumsumbua ni Helen tu.

Basi Helen anapiga nini?

Anapiga mdundo wa roki wa mapigo manne, sawasawa kabisa na alivyofundishwa, huku dada zake wakiimba sentensi za mapigo matano, saba, au tatu na nusu. Mdundo wake ukifika "moja", wao wako katikati ya neno. Kwa kuwa Helen hawafuati dada zake, na wao hawamfuati, wanapishana na kukutana tena bila mpango. Zaidi ya hapo huingiza vijazio (mapigo ya kujaza nafasi kati ya mistari) mahali anapohisi mstari umekwisha, na wakati mwingine haujaisha.

Ukitaka kuliona hilo, sikiliza wimbo mara ya kwanza ukipiga mguu na drams pekee. Mara ya pili piga kidole kwa kila silabi ya mwimbaji, usijali drams. Mara ya tatu fanya vyote viwili. Watu wengi hushindwa ya tatu. Ni vizuri kuijaribu kabla ya kumcheka mtu.

Bendi yetu inataka kupiga wimbo wao. Tuanzie wapi?

Msianzie kwenye "kupiga vibaya." Hilo ndilo kosa la karibu kila bendi inayojaribu, na linasikika ndani ya sekunde kumi: mpiga drams anaangusha vijiti makusudi, mwimbaji anajifanya mtoto, na wimbo unageuka vichekesho. Akina Wiggin walikuwa wakijitahidi. Lazima nanyi mjitahidi.

Andikeni maneno yote, na juu ya kila silabi wekeni nukta kwa urefu wake: nukta moja fupi, mbili ndefu. Hesabuni nukta za kila mstari na muandike jumla pembeni. Msilazimishe mistari iwe sawa. Mwimbaji na mpiga solo wajifunze melodia wakiwa wawili peke yao, bila ridhimu na bila drams, mpaka waweze kuanza kutoka mstari wowote. Hapo tu ndipo gitaa la ridhimu liongezwe, likibadilisha kodi (chord) panapobadilika sentensi, si kila mapigo manne.

Mpiga drams ajifunze sehemu yake chumba kingine, na kwa kasi aliyokubaliana na wenzake. Mkikutana, sheria ni moja: asiwasubiri. Mpiga drams mzoefu atateleza na kuanza kuwafuata bila kujijua, na ikitokea hivyo wimbo unapoteza umbo lake. Mrekodini akipiga peke yake, kisha mlinganishe na alivyopiga na bendi. Kama vijazio vimehama, amewafuata.

Kutyuni: kila gitaa lityuniwe lenyewe kwa lenyewe, nyuzi zake zikubaliane, lakini gitaa la pili lishushwe kidogo, senti 10 hadi 20 (semitoni moja ina senti 100). Mkishusha zaidi inakuwa kelele. Msitumie distosheni, amplifaya iwe safi na sauti ya wastani.

Kwenye kompyuta, zimeni metronomu na gridi, na msikate kazi kwa ba (vipande vya mapigo manne). Marekebisho ya sauti ya kiotomatiki yataua wimbo mara moja. Maikrofoni tatu au nne katika chumba kimoja, wote wakipiga pamoja, zinatosha kabisa.

Je, Frank Zappa alisema wanawazidi The Beatles?

Kauli hiyo inarudiwa kila mahali, na hata majalada ya matoleo ya baadaye yalinufaika nayo. Kinachojulikana ni kwamba Zappa, mwanamuziki wa roki wa Marekani, aliwapenda na miaka ya 1970 alipiga nyimbo zao kwenye kipindi cha redio cha Dr. Demento. Maneno yenyewe hayajapatikana kwenye kanda wala kwenye maandishi yake. Ukiandika kuhusu bendi hii, sema aliwapenda, ishia hapo. Mpenzi mwingine ana ushahidi wa mkono wake: Kurt Cobain, mwimbaji wa bendi ya Nirvana, aliiweka Philosophy of the World katika nafasi ya tano kwenye orodha ya santuri 50 alizozipenda, ndani ya daftari zake.

Santuri iliyozikwa ilifufukaje?

Kupitia wanamuziki wawili wa bendi ya NRBQ. Tom Ardolino, mpiga drams na mkusanyaji wa santuri, na Terry Adams, mpiga kinanda, waliipata, wakaisikiliza mpaka ikawaingia, kisha wakawatafuta akina dada ili kupata ruhusa. Mwaka 1980 waliirudisha sokoni kwa jina la Red Rooster kupitia Rounder, kampuni huru ya Massachusetts. Mwaka uliofuata mhakiki Lester Bangs aliwasifu katika gazeti la Village Voice, na kutoka hapo jina likasafiri.

Angalia mnyororo ulivyo: mpiga drams mmoja mwenye tabia ya kununua santuri asizozijua, mwenzake mwenye uhusiano na kampuni, kampuni ndogo isiyoogopa hasara ndogo. Hakuna mkubwa wa tasnia aliyehusika mpaka mwaka 1999, RCA Victor ilipotoa CD.

Shaggs' Own Thing ni santuri ya namna gani?

Ni rekodi zilizobaki, nyingi za mwaka 1975 na zilizofanyika Fleetwood vilevile. Karibu nusu yake ni nyimbo za watu wengine, kama "Paper Roses" na "Yesterday Once More", zile ambazo bendi ya dansi ya Jumamosi ililazimika kuzijua. Rachel na besi yake anawashikilia wenzake kwa chini, drams zimetulia, na kuna utamu wa kinyumbani. Baba anaimba kwenye wimbo uliobeba jina la santuri, pamoja na mwanawe Robert.

Wengi huona haina makali ya ya kwanza. Ni kweli. Lakini ndiyo inayoonyesha bendi ilikuwa inaelekea wapi: ilikuwa inakuwa bendi ya kawaida.

Nitambueje santuri ya asili, na ninunue toleo gani?

Ya asili ina jina la Third World Recordings. Ikiwa jalada au lebo lina Red Rooster au Rounder, ni la 1980, nalo ni zuri na bei yake inaeleweka. Ya asili huuzwa kwa maelfu ya dola, kwa hiyo anayekupa kwa bei ya chakula cha mchana ama hajui alicho nacho ama anakuuzia feki. Omba picha ya lebo pande zote mbili na ya ile sehemu laini kati ya wimbo wa mwisho na lebo, palipochorwa namba za kiwanda. Linganisha na picha za nakala zilizokwisha kuthibitishwa. Asiyetaka kutuma picha hiyo ana sababu.

Kwa kusikiliza tu: CD ya Rounder ya mwaka 1988 iliziweka santuri zote mbili pamoja, inafaa kama unataka kila kitu mahali pamoja. CD ya RCA Victor ya 1999 na santuri ya kampuni ya Light in the Attic ya 2016 ni za Philosophy of the World pekee. Ukiwa na mashine ya kuchezea santuri, chukua hiyo ya 2016.

Kwa wanaoishi pwani: santuri isimame wima, isilazwe, na mfuko wa karatasi wa ndani ubadilishwe kwa wa plastiki laini. Unyevu wa Mombasa au Tanga huotesha ukungu kwenye karatasi kabla haujagusa plastiki ya santuri yenyewe. Jalada ndilo hufa kwanza.

Nianze na wimbo gani?

Wimbo wenyewe wa "Philosophy of the World". Maneno yake ni mepesi: kila mtu anatamani alichonacho mwenzake, na hakuna mtu unayeweza kumridhisha duniani. Kisha "Who Are Parents", kuhusu wazazi, ambao unasikika tofauti kabisa ukishajua ni nani aliyelipia studio. "My Pal Foot Foot" uje wa tatu. Ukianza nao unaweza usifike wa pili.

Bendi ilivunjika kwa nini?

Austin Wiggin alifariki kwa shambulio la moyo mwaka 1975, akiwa na miaka 47. Hakukuwa na ugomvi wa fedha wala mzozo wa nani aimbe. Mwenye bendi alikufa, na wapigaji, waliokuwa sasa watu wazima wenye maisha ya kwao, waliweka vyombo chini.

Walirudi jukwaani tena?

Mwaka 1999 Dot na Betty walipiga New York katika sherehe za miaka 30 ya NRBQ. Helen hakuweza kushiriki, na alifariki mwaka 2006. Mwaka 2011 hadithi yao ilichezwa New York kama tamthilia ya muziki. Mwaka 2013 Dot alitoa albamu Ready! Get! Go! na bendi yake mwenyewe, Dot Wiggin Band, kupitia kampuni ya Alternative Tentacles. Wanamuziki wake walikuwa wamesomea kazi hiyo na ilibidi waziandike nyimbo za zamani noti kwa noti ili waweze kuzipiga. Mwaka 2017 Dot na Betty walipanda jukwaa la tamasha la Solid Sound huko North Adams, Massachusetts, kwa mwaliko wa bendi ya Wilco. Aliyekaa kwenye drams siku hiyo alilazimika kujifunza vijazio vya Helen kimoja kimoja, mahali vilipo, bila kuwasubiri waimbaji.